Jino Nililoliziba

Harufu ya mshumaa uliopulizwa sasa hivi, ule moshi mwembamba wenye mafuta, bado hunishika kooni. Mwezi uliopita umeme ulikatika nikiwa kazini, mgonjwa yuko kitini kinywa wazi. Msaidizi wangu, msichana mwenye nia njema, akawasha mshumaa, na umeme uliporudi akaupuliza. Nilimwomba mgonjwa anisubiri kidogo. Nikatoka nje, nikasimama karibu na ukuta mpaka moshi ule uishe puani mwangu. Msichana yule alidhani nimemkasirikia.

Wanaonijua hapa Kolwezi watawaambia kwamba mimi si mtu wa kutetemeka. Nilizaliwa Kasulo, mtaa wa mji huuhuu, binti wa mchimbaji wa madini. Niliondoka hapa na begi moja na nauli ya kwenda tu. Kule Lubumbashi nilifua nguo za watu, nikauza mikate alfajiri, nikasafisha vyumba vya wanafunzi ambao leo wananiita dada kwa heshima, na kwa mikono hiyohiyo nikajisomesha mpaka nikapata diploma ya afya ya meno. Katika darasa letu hakuna aliyenipita alama. Diploma hiyo imo ndani ya fremu, nimeitundika mahali ambapo mgonjwa akilala kitini lazima aione. Sioni haya kuyasema haya. Aliyepika mwenyewe, mwacheni aonje.

Lakini kuna jino moja ambalo sikuwahi kumwambia mwalimu wangu yeyote habari zake. Lilikuwa la chini, upande wa kulia, la mdogo wangu Feza. Alikuwa na miaka minane. Hakufika tisa, na mkono wangu umo katika jambo hilo. Nyinyi mnaonisoma, nivumilieni niwasimulie polepole, kwa maana sijazoea.

Siku zile Kasulo watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe. Baba alianza shimo lake nyuma ya jiko, na baada ya muda shimo lilipinda likaja chini ya sebule. Ukikaa kimya uliweza kusikia nyundo chini ya miguu yako, tok, tok, na mama alikuwa akisema, "Tata yenu iko pale, chini ya kabati." Vumbi la kijivu lilikaa juu ya kila kitu, juu ya sufuria, juu ya nguo zilizoanikwa, hata ndani ya kinywa. Mama alikuwa na ligablo mbele ya nyumba, kibanda cha mbao cha kuuzia sabuni, chumvi, mishumaa, na chupa tatu kubwa za plastiki zilizojaa pipi. Sisi pipi tuliziita bombo. Mama akienda mtoni kuosha mawe ya madini na wanawake wenzake, alitupatia bombo ili tusiulizie chakula mapema. Bombo moja, ukijua kuiweka shavuni na kuisahau, ilidumu tangu mtoni mpaka nyumbani. Feza alijua sana. Mara nyingi alilala na bombo shavuni, na asubuhi mto wake ulikuwa na doa jekundu.

Mswaki ulikuwa mmoja kwa watu wanne, na wenyewe ulikuwa wa baba.

Shuleni, kila Jumatatu baada ya kupandisha bendera, kulikuwa na ukaguzi. Mwalimu Kazadi, mtu mwembamba mwenye koti moja la kahawia, alipita mbele ya mistari na rula mkononi. Aliangalia kucha, akaangalia shingo, kisha akasema, "Fungula kinywa!" na kuinua mdomo wako wa juu kwa ncha ya rula. Aliyekutwa na jino bovu alitolewa mstarini, aende nyumbani, asirudi bila karatasi ya dispensari. Kanuni nzuri. Leo mimi mwenyewe ningeiandika vilevile. Ila dispensari yetu ilijua dawa moja tu ya jino, nayo ni koleo. Na safari ya kutoka mstarini mpaka kwenye lango la shule ilikuwa ndefu, shule nzima inakuimbia, "Makala! Makala!" yaani makaa, kwa weusi wa meno.

"Weye Mukalay," mwalimu alimwambia siku moja mvulana wa darasa letu, "meno ya batu inakuwaka nyeupe. Ya weye iko sawa shimo ya baba yako. Tuingie na taa?"

Tulicheka mpaka machozi. Tulicheka huku tumefunika midomo kwa viganja, karibu sote, na leo najua kwamba mwalimu mwenye macho angehesabu viganja vile na kuacha rula yake nyumbani.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na akili nyingi kuliko umri wangu. Siyo mimi ninayesema, alisema mkurugenzi wa shule mbele ya baba. Ni mimi niliyevumbua dawa ya ukaguzi. Nilichukua kipande cha mshumaa kutoka ligablo ya mama, nikakilainisha kwapani, nikachanganya na unga wa chaki niliokomba chini ya ubao. Nikalikausha tundu la jino kwa pamba iliyoviringishwa kwenye njiti ya kiberiti, nikabandika nta ndani, nikaisawazisha kwa mgongo wa ukucha. Kwa umbali wa rula moja, jino lilionekana zima. Nilianza na langu mwenyewe. Jumatatu nilipita. Jumatatu iliyofuata nilikuwa na wateja watano nyuma ya vyoo vya shule, na mwezi ulipokwisha wakanipa jina, Dokta Nta.

"Dokta, ya mi imeanguka ndani ya bukari," mmoja alilalamika; bukari ndiyo ugali wetu. "Nimeimeza."

"Juu ya nini ulikula mbele ya ukaguzi? Fungula."

Malipo yalikuwa bombo mbili. Nilizila palepale, nikiwa kazini.

Sasa Feza. Alikuwa mdogo kwa umbo, mwenye sauti nzito iliyowachekesha wageni, kwa sababu ilitoka kwa mtoto na ikasikika kama ya mama muuza samaki. Alikuwa darasa la pili na alikuwa wa kwanza. Alikariri kila kitu, hata matangazo ya redio. Na alikuwa na tamaa moja. Kwetu, siku ya kutangazwa matokeo, mtoto aliyefaulu humwagiwa podre kichwani, ile podre nyeupe ya watoto wachanga, mpaka anafanana na mtu aliyetoka ndani ya gunia la unga, na hivyo ndivyo anavyotembezwa mtaa mzima. Mwaka uliotangulia Feza alikuwa mgonjwa wa malaria siku hiyo, podre ikampita. Mwaka huu shangazi yetu wa Tenke alimletea kopo zima. Alilificha chini ya kitanda. Kila siku alilitoa, akanusa kifuniko, akalirudisha.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mitihani ianze aliponijia Jumapili baada ya misa, akiwa bado na gauni la kanisani.

"Yaya, fanyia na mi," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Iko inakuuma?"

"Kidogo tu."

Alisema uongo. Kwa siku nyingi alikuwa akitafuna upande mmoja, na mara mbili nilimwona ameegemeza shavu kwenye ukuta wa saruji kwa ajili ya ubaridi wake.

"Tumwambie mama," nikasema. Nataka mjue kwamba nililisema hilo. Nililisema mara moja.

"Hapana! Mama atanipeleka kule. Batanifukuza mpaka karatasi ipatikane, na ekzame itanipita. Yaya, mi nataka podre."

Nikamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso wake kuelekea mwanga wa mlango. Tundu lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kuziba. Nilipoingiza pamba, alishika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili, na chozi moja likashuka bila sauti. Na kutoka ndani ya tundu ilikuja harufu. Harufu hiyo leo naitambua kabla mgonjwa hajaketi. Siku ile niligeuza pua kando, nikavuta pumzi, nikarudi kazini. Niliikandamiza nta vizuri, kwa sababu alikuwa mdogo wangu na nilitaka yake iwe bora kuliko za wengine wote. Haikuanguka. Hakuna nta yangu iliyowahi kushika namna ile.

Jumatatu rula iliinua mdomo wa Feza. Mwalimu Kazadi akainama, akatazama, akasema kwa sauti ili wengine wasikie, "Mumuone Feza. Huyu anaoshaka meno." Feza alinitafuta kwa macho kupita mistari yote mpaka akanipata. Kama kuna furaha ambayo ningependa kuirudisha ilikotoka, ni ile niliyoipata wakati ule.

Baada ya siku chache maumivu yakaisha. Yakaisha kabisa. Feza aliruka kamba, akatafuna muwa pande zote mbili, na mimi nikawatangazia watu nyuma ya vyoo kwamba nta yangu sasa inaponya. Miaka tisa baadaye nilikaa darasani Lubumbashi, kalamu mkononi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba jino linalonyamaza lenyewe halijapona, limekufa, na kwamba usaha unaojikusanya chini yake ukikuta njia ya juu imefungwa utatafuta njia nyingine. Niliinua mkono nikauliza: je, mtu akiifunga yeye mwenyewe? Mhadhiri akasema swali langu ni zuri sana. Nikapata alama zote katika mtihani huo.

Shavu lilianza kuvimba siku mbili kabla ya mitihani. Mama aliligusa kwa mgongo wa mkono, lilikuwa moto. Alimpa maji ya chumvi asukutue, akamkanda kwa kitambaa. Jirani mmoja alimwambia ampeleke dispensari, na mama akajibu kile ambacho kila mama wa Kasulo angejibu, kile ambacho hadi leo wanakuja kunijibu mimi mwenye diploma: "Shavu ikiwa imevimba, jino habaitoe. Ukiitoa, mutoto anakufa. Tungojee ishuke kwanza." Baba alipanda kutoka shimoni, kope zake nyeupe kwa vumbi, akalitazama shavu kwa taa ya kichwani, akasema itashuka. Kisha akarudi kazini.

Mimi nilijua kilichokuwa ndani. Siku ile jioni nilimvuta Feza nyuma ya jiko.

"Leta nitoe ile kitu."

"Ekzame iishe kwanza."

"Feza, fungula kinywa!"

Akafungua. Nafasi ilikuwa ya kidole kimoja, haikuzidi. Taya lilikataa. Niliingiza ukucha wangu, akalia kwa sauti yake nzito, nikaogopa mama atasikia, nikauondoa. Hapo ndipo ningeweza kukimbia kumwambia mama. Hatua kumi tu. Nilimsikia akipanga sahani. Nilifikiri kuhusu fimbo ya baba, nikafikiri jinsi watakavyoniita shuleni, Dokta Nta aliyemwumiza mdogo wake, na nikakaa pale nilipokuwa.

Alifanya mitihani yote amefungwa kitenge kutoka kidevuni mpaka utosini. Siku ya mwisho ilikuwa hesabu. Waliokaa naye walisema mate yalimdondoka juu ya karatasi, na Mwalimu Kazadi aliyafuta kwa mkono wa koti lake la kahawia. Feza alirudi nyumbani akitembea, lakini hakuweza kumeza maji. Chini ya kidevu ngozi ilikuwa imekaza kama ya ngoma. Ndipo hofu ya koleo ikamtoka mama. Baba aliita pikipiki mbili. Mama alipanda ya mbele na Feza katikati yake na dereva, mimi na baba tukafuata, na njia nzima niliona kile kitenge cha kijani kikiyumba mbele yetu kwenye vumbi la malori.

Muuguzi wa hospitali alikuwa mwanamke mkubwa mwenye mikono ya upole. Alijaribu kukifungua kinywa cha Feza, hakikufunguka. Akatugeukia.

"Mama, kulikuwa kitu mulitia mule ndani ya jino? Dawa ya miti, asidi ya batri? Batu banatiaka kila kitu. Museme tu, hatuko kwa kugomba."

Mama akasema hapana. Kisha akanitazama, sijui kwa nini mimi. Nami nikatikisa kichwa.

Sijui kama jibu langu lingebadili kitu. Kwa elimu niliyonayo naweza kuwaambia kwamba kwa saa ile, kwa uvimbe ule, huenda lisingebadili chochote. Nimejieleza hivyo mara nyingi, kwa maneno ya kitaalamu, na sijawahi kushawishika.

Feza alikufa kesho yake saa nne asubuhi. Pumzi ilikosa njia.

Matanga yalijaza uwanja wetu. Baba alikaa kwenye ukingo wa shimo lake, miguu ikining'inia ndani, na hakuna aliyeweza kumwondoa. Shangazi wa Tenke alifika mchana, na baada ya kulia alianza kuuliza. Alikuwa mwanamke wa maombi, mwenye sauti ya kuamrisha, na katika familia yetu neno lake lilikuwa zito.

"Nani amekula huyu mutoto?" aliuliza mbele ya wanawake wote. "Jino haiuwake mutu. Mi nina miaka yangu, sijaona mutu wa kuuawa na jino. Kuna mukono ndani ya hii nyumba."

 Mnaotoka upande wetu mnajua swali hilo la kumtafuta mchawi huishia wapi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mtoto wa rika langu aliyefukuzwa na ndugu zake kwa swali kama hilo, akawa analala sokoni. Nilikuwa nimeketi nyuma ya sufuria za wageni, na nilihisi macho ya shangazi yakipita juu ya watoto, mmoja mmoja.

Mama alisimama. Alisema, "Ni ugonjwa, wifi. Daktari amesema ni ugonjwa." Halafu akasema jambo lililowaudhi watu. Alisema atamwosha Feza peke yake. Wanawake wakapinga, si desturi, mama mfiwa haoshi, na tena peke yake! Shangazi alikwenda mpaka mlangoni. Mama alifunga mlango mbele ya uso wake. Alikaa ndani muda mrefu sana. Alipotoka, Feza alikuwa amevaa gauni la kanisani, na kitenge kimefungwa upya chini ya kidevu, kwa nguvu, kinywa kimefungika. Mama alimwambia shangazi kwamba mtu asikifungue tena. Nilidhani ni uchungu umemharibu akili. Wote walidhani hivyo.

Wiki iliyofuata matokeo yakatangazwa. Nilikwenda na lile kopo la podre ndani ya mfuko, sijui nilitegemea nini. Mkurugenzi alisoma orodha ya darasa la pili kama ilivyoandikwa, na jina la kwanza lilikuwa la Feza. Alilisoma lote kabla ya kukumbuka. Mtoto mmoja, pengine wa darasa la kwanza, akapiga makofi peke yake. Nilirudi nyumbani na kopo halijafunguliwa.

Mama aliondoa zile chupa tatu kwenye ligablo yake na hakuuza bombo tena. Na mimi sikuziba jino la mtu tena, mpaka nilipofundishwa namna ya kuliziba.

Mwalimu Kazadi alikuwa na methali aliyoipenda, mficha maradhi kilio humfichua. Niliichukia tangu mwaka ule, kwa sababu kwangu haikutimia. Kilio kilikuja na hakikunifichua. Nilikua, nikaondoka, nikasoma, nikarudi. Watu wanamwambia mama, "Mutoto wako alisoma meno juu ya mudogo wake," na mama anaitika, ndiyo, ndiyo, na mimi mwenye maneno mengi nilikuwa nawaacha waseme. Baada ya kisa cha mshumaa kule kazini niliona sitaweza tena. Jumapili iliyofuata nilimkuta mama anachambua maharage. Nikaketi chini, kwenye saruji, nikamwambia yote, kutoka ndoo iliyopinduliwa mpaka nilivyotikisa kichwa hospitalini.

Aliendelea kuchambua. 

"Numbi," akasema mwishowe, "nani alimuosha Feza?"

Niliinua uso, nikamtazama.

"Nilifungula kinywa yake nimupanguse. Niliona. Nilijua ni kazi ya mikono ya nani, mishumaa ilikuwa ya mi. Na shangazi yako alikuwa ku mlango." Akaokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. "Weye ulikuwa mutoto. Mi ndiye nilisema tungojee shavu ishuke."

Akanisogezea nusu ya sinia ili nichambue naye. Tulichambua. Miaka yote hiyo nilijua kwamba nilikuwa na siri, na nilijivunia hata nguvu zangu za kuibeba peke yangu, kama ninavyojivunia kila kitu. Sikujua kwamba siku ile ya matanga kulikuwa na watoto wawili wa kuokolewa, mmoja akiwa ameshachelewa, na kwamba mama yangu alifunga mlango kwa ajili ya yule aliyebaki.